Msafiri Asiyepatikana Hewani

Miongoni mwa mambo yaliyofikishwa mbele ya kamati yetu ya msikiti mwaka huu, hakuna lililotuchukulia vikao vingi kuliko suala la simu. Hatusemi simu za vijana na picha wanazozitazama, kwani hayo yamekwisha kuandikwa vya kutosha katika kurasa hizi za familia. Tunasema simu isiyoshika mtandao mkononi mwa mtu aliye safarini. Sisi wakazi wa Tumati na vijiji jirani vya nyanda za juu za Mbulu tunaishi mahali ambapo mtu akipanda gari alfajiri huweza kutoweka masikioni mwa jamaa zake hadi jioni, naye ni mzima wa afya, ana salio, na betri yake imejaa. Nyumbani wakimpigia huambiwa kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa, na kuanzia hapo kila mmoja hufasiri kwa kadiri ya moyo wake. Mama hufikiria ajali. Mke hufikiria mengine. Anayemdai huamini kwamba amezimiwa simu makusudi.

Ndugu msomaji uliye Dar es Salaam au Tanga huenda ukadhani tunakuza jambo. Basi tukueleze nchi yetu ilivyokaa. Atokaye Babati hupita Dareda, akakwea ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona zisizohesabika, ndipo afike katika nchi ya juu ambako zipo Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini. Nchi hiyo ya juu si tambarare. Ni matuta na mabonde yaliyopangana, nyumba moja mgongoni mwa kilima hiki, nyingine ng'ambo ya korongo. Upande wa magharibi ardhi hushuka tena kwenda Bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe na wafugaji wa Kidatoga, kuelekea Ziwa Eyasi, na huko mtu huweza kwenda mwendo mrefu asione paa la bati. Kusini umesimama Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, na magharibi yake uwanda wa Basotu.

Mawimbi ya simu, kama mwanga wa taa, hupenda kwenda moja kwa moja. Mnara ukiwa juu ya tuta, aliye mbele ya tuta hupata mawasiliano, na aliye nyuma yake hubaki kivulini. Ndiyo maana mtu wa Tumati huweza kuongea vizuri akiwa shambani, akaingia nyumbani kwake umbali wa hatua mia mbili, asisikie kitu. Hata penye uwanda usio na kizuizi, mtambo wa simu wa aina ya zamani ulipimwa uhudumie hadi kilomita 35 tu kutoka kwenye mnara, kwa kuwa mashine huhesabu muda wa mawimbi kwenda na kurudi, na muda huo ukizidi kiwango simu hukataliwa. Mitambo mipya ya intaneti ya kasi mara nyingi hutumia mawimbi mafupi zaidi, ambayo hubeba mengi lakini huchoka upesi. Kwa hiyo yule mwenye simu kubwa ya thamani hujikuta akiazima simu ndogo ya tochi ya kondakta ili aseme maneno mawili. Tumeliona hili mara nyingi, na tunakiri kwamba halikosi kutuchekesha.

Lakini lililoifikisha habari hii mbele ya kamati halikuwa la kuchekesha. Mama mmoja wa jamaa yetu alifariki dunia nyumbani kwake saa moja asubuhi. Alikuwa na watoto watatu. Wawili walikuwapo. Wa tatu, kijana wa kiume aliye utingo wa lori, alikuwa njiani upande wa ng'ambo ya Haydom, akielekea Singida kwa njia za vumbi. Dada yake alianza kumpigia kabla ya saa mbili. Akapiga na dereva wake, akampigia tajiri wa lori, akatuma ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu. Mjomba mtu akapanda kilimani mahali ambapo wote tunajua kwamba mtandao hushika vizuri, akakaa huko hadi adhuhuri akipiga. Hakuna kilichoitika. Wazee wakashauriana, maiti akaoshwa, akasaliwa, na baada ya alasiri akazikwa.

Kijana alipata habari saa nne usiku. Lori lilipofika karibu na Singida mjini, simu yake ilipokea ujumbe kumi na mmoja kwa mkupuo, na aliousoma kwanza ulikuwa wa mwisho, wa jirani aliyempa pole kwa maziko. Alirudi nyumbani siku ya pili, na neno alilomwambia dada yake mbele ya watu hatutaliandika. Kwa ufupi, alishika kwamba wamemzika mama yake kwa haraka ili asiwepo, kwa sababu palikuwa na mazungumzo ya shamba yasiyokwisha. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakusemezana, na mjomba aliyekaa kilimani nusu siku kwa ajili yake aliambiwa kwamba naye alikuwamo katika njama.

Sasa tazama jinsi jambo lilivyo gumu. Sote tunafahamu kwamba kuharakisha maziko ni katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wanazuoni wameruhusu kumsubiri jamaa wa karibu kwa muda mfupi ikiwa hakuna hofu ya maiti kuharibika. Lakini muda mfupi huhesabiwaje kwa mtu ambaye hujui yuko wapi wala atapatikana saa ngapi? Aliyepatikana hewani husema, nipo Katesh, nisubirini hadi alasiri, na watu wakamsubiri. Asiyepatikana hawezi kuomba hata saa moja. Zamani wazee wetu wasipompata mtoto aliye mbali hawakumtarajia, wala yeye hakuwatarajia. Habari zilikuja kwa miguu au kwa barua, na kila mtu alielewa. Simu imetuondolea udhuru huo. Imetufanya tuamini kwamba mtu yeyote huweza kufikiwa wakati wowote, na asipofikiwa tunatafuta mwenye kosa.

Ipo habari mashuhuri katika vitabu vya hadithi ya yule mtu aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume huko Madina. Alifariki, Maswahaba wakamzika bila ya kumjulisha Mtume. Alipomkosa aliuliza, akaambiwa, akawauliza kwa nini hawakumpa habari, kisha akataka aoneshwe kaburi, akamsalia hapo. Tulimsomea kijana wetu habari hii katika kikao cha pili. Tuliona ina mambo mawili yanayomhusu: kwamba huzuni ya kutojulishwa ni huzuni ya haki, wala si ukaidi, na kwamba mlango wa kumsalia mama yake kaburini haukufungwa. Alikwenda akamsalia, na sisi tukasimama nyuma yake. Lakini lililomlainisha zaidi, na tuseme kweli, ni pale dada yake alipotoa simu yake ndogo, akamwonesha namba alizopiga siku ile na saa alizopiga, moja baada ya nyingine, tangu saa moja na dakika hamsini asubuhi. Alizihesabu mwenyewe. Zilikuwa thelathini na saba.

Baada ya hapo kamati ilijiuliza kama kuna linaloweza kufanywa. Wapo waliosema tuandike barua kuomba mnara, na barua imeandikwa. Ni vyema wasomaji wajue jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mwaka 1994, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilipoanza kazi Dar es Salaam, hakuna aliyefikiria Mbulu. Makampuni yaliyofuata yalikwenda penye watu wengi, kwa sababu mnara hula fedha: jenereta au mitambo ya jua, mafuta, mlinzi, fundi na njia ya kumfikisha fundi huyo. Ndiyo sababu ikatungwa sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hupokea mchango kutokana na mapato ya makampuni hayo, kisha hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake isingeifikisha. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini Dodoma mikataba ya minara 758 katika kata 713, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Hiyo ni kazi kubwa, na si haki kuibeza.

Hata hivyo msafiri aangalie neno moja katika taarifa hizo. Huduma hupimwa zaidi kwa idadi ya watu waliofikiwa, na mnara hupelekwa penye kijiji, shule, zahanati na gulio. Asilimia ya watu ni kitu kimoja, asilimia ya ardhi ni kitu kingine. Wahadzabe wachache wa Yaeda na Wadatoga wenye ng'ombe wao katika uwanda wenye maili nyingi hawafanyi hesabu kubwa. Na mtu aliye ndani ya gari katikati ya vijiji viwili hahesabiwi popote, kwa kuwa hakai pale; anapita tu. Kwa hiyo hata siku ambayo kila kata itakuwa na mnara wake, njia baina ya kata zitakuwa bado na vivuli. Tunaona ni busara kupanga maisha kwa kulijua hilo, huku barua ikifuatiliwa.

Tena lisidhaniwe kuwa ni aibu ya nchi maskini. Mwezi Novemba 2006 James Kim, mwandishi wa habari za teknolojia wa San Francisco, alipotea kwa gari pamoja na mkewe Kati na binti zao wawili wadogo katika milima ya Oregon, Marekani. Waliingia njia ya msituni, theluji ikawafunga, na simu hazikushika. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza walimwengu ubora wa vyombo hivi alikaa siku kadhaa ndani ya gari na chombo kisichomfaa. Taarifa ya kupotea kwao haikufika polisi hadi siku kadhaa zilipopita. Kilichosaidia ni jambo dogo sana: usiku wa kwanza simu yao iligusana kwa muda mfupi na mnara wa mbali, kiasi cha kupokea ujumbe mfupi. Mafundi wawili wa kampuni ya simu ya huko walichimbua kumbukumbu za mitambo yao, wakaiona alama hiyo, wakakokotoa ni njia zipi ambazo mnara ule huweza kuzifikia. Mama na watoto walipatikana hai tarehe 4 Desemba. James mwenyewe alikuwa ameondoka kwa miguu siku mbili kabla, ili awatafutie msaada, na maiti yake ilikutwa tarehe 6.

Tumeieleza habari hiyo kwa sababu ndani yake mna elimu kwa mtu wa Mbulu. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti. Mazungumzo huhitaji njia iliyo wazi muda wote, lakini ujumbe huhitaji nukta chache tu, na usipopokelewa huwekwa katika mtambo wa kampuni na kujaribiwa tena na tena. Kwa hiyo mwenye habari nzito asichoke kupiga tu. Aandike, na aandike kwa utulivu. Ujumbe wa kwanza useme lililotokea na saa, na maziko yamepangwa lini, ili anayeupokea gizani njiani asianze na pole ya jirani. Naye aliye safarini akiona kialama kimoja cha mtandao kimechomoza kilimani, asihangaike kupiga. Aandike alipo na anakoelekea, aache simu iupeleke yenyewe.

Lingine ambalo wengi hawalijui ni maneno ya simu inapoandika kwamba ni simu za dharura tu. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtandao wa laini yako haupo, lakini mnara wa kampuni nyingine unasikika. Namba 112 hukubaliwa kupita katika mnara wowote ulio karibu. Mwenye mama mjamzito ndani ya gari lililoharibika asiitazame simu yake kwa kukata tamaa kabla ya kujaribu hilo. Na kwa sababu hiyo hiyo, familia yenye simu ya laini mbili isiweke laini mbili za kampuni moja. Makondakta wa njia zetu wanajua vizuri ni kona ipi hushika laini ipi; kuwauliza si unyonge.

Betri nayo huliwa na utafutaji. Simu iliyopoteza mnara huongeza nguvu na kutafuta bila kupumzika, na iliyojaa alfajiri huzimika kabla ya magharibi, hapo ndipo hufika penye mtandao ikiwa maiti. Anayejua kwamba atapita saa tatu bila mawasiliano aiweke katika hali ya ndege au aizime, aifungue penye kilima au mji.

Kuhusu fedha tutasema kidogo tu. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, tumezoea kusafiri mikono mitupu. Fedha iliyo katika simu isiyoshika mtandao haimnunulii mtoto maziwa wala haimlipi fundi wa gurudumu. Mama anayesafiri na watoto apewe taslimu mkononi, na mume asiseme nitakutumia ukifika.

Ama wale waliotuuliza kuhusu usiku wa kuandama kwa mwezi, pale vijiji vya mbali vinapokosa kupata tangazo kwa wakati, hatutaingia katika mjadala wa masheikh. Tulichofanya mwaka huu ni kumweka kijana mmoja kilimani na pikipiki chini ya kilima, na habari ikafika Tumati kabla ya isha. Mafuta yalitolewa na muumini mmoja ambaye hakutaka ajulikane.

Turudi kwa msafiri. Kamati iliona kwamba jambo kubwa si chombo, ni mapatano kabla ya kuondoka. Dini yetu imetufundisha kuagana, kuandika wasia, kutowashtua watu wa nyumbani kwa kuwaingilia usiku bila taarifa. Mafundisho hayo yalikuja wakati ambapo hakuna mtu aliyepatikana hewani, nayo yanamfaa sawasawa mtu wa Yaeda leo. Mtu aseme anapita njia gani, gari gani, na anatarajia kufika penye mtandao saa ngapi. Kabla ya saa hiyo kimya chake kisifasiriwe. Saa hiyo ikipita na nyongeza yake, watu waanze kuuliza, wasingoje siku kadhaa kama ilivyotokea kule Oregon. Wake na mama zetu wametuambia kwamba hilo peke yake limewapa usingizi, kwani linalochosha moyo ni kutojua ni lini mtu aanze kuogopa.

Juu ya maziko tumekubaliana hivi. Kila nyumba itaje watu wawili walio katika miji miwili tofauti, wenye laini za makampuni tofauti, ambao watapewa habari kwanza ili wao waitafute njia ya kumfikia aliye mbali. Msiba ukitokea asubuhi na mtoto wa marehemu hapatikani, maziko yatasubiri hadi baada ya alasiri, na ukitokea mchana yatasubiri hadi asubuhi ya pili, maadamu hakuna hofu juu ya maiti na imamu ameridhia. Baada ya hapo hatutasubiri tena. Atakayechelewa atapelekwa kaburini na imamu mwenyewe, si kuachwa aende peke yake. Wapo wazee wawili ambao hawakuridhika na kusubiri hadi asubuhi, na hoja yao ni nzito. Tumeiandika katika kumbukumbu na tutaitazama upya baada ya mwaka.

Yule kijana wa lori ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha majina. Mtu wake wa Singida ni mwenye duka la vipuri karibu na stendi, na mtu wake wa Babati ni dada yake, ambaye amehamia huko kwa mumewe tangu mwezi uliopita. Daftari liko kwa katibu, na huandikwa kila Ijumaa baada ya sala. Wenye safari za Yaeda, Basotu na Mkalama waje na namba za madereva wao zikiwa zimeandikwa katika karatasi, kwa sababu mara mbili sasa tumeombwa tungoje mtu awashe simu yake ili atusomee namba, na simu haikuwaka.